Mkesha Ambao Hospitali Haikuuomba

Nilikigusa asubuhi moja nikifunga kitenge kabla ya kwenda Misa. Malaria ilikuwa imenilaza kitandani muda mrefu na kunikausha, hata nguo zangu zote zilikuwa kama za mtu mwingine. Nilipokaza fundo chini ya kitovu, upande wa kushoto, vidole vyangu vilikutana na kitu kigumu. Hakikuuma. Nilikibonyeza, hakikuondoka. Nikakaa juu ya kitanda. Kengele ya parokia ikalia, ikanyamaza, na mimi nilikuwa bado nimekaa.

Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alianza vivyo hivyo. Alikuwa ameolewa Nyangezi. Alikigusa chake akiwa shambani, upande huohuo wa kushoto, akasema ni uzee. Akanywa majani, akajifunga tumbo kwa kitambaa, na siku alipokubali kuletwa Bukavu, tumbo lilikuwa limejaa na uso umekwisha. Nilikuwa karibu naye mpaka mwisho. Siku moja, watoto wake wakiwa wametoka, alinishika mkono akaniambia: "Weye, usingoje." Alijua tulizaliwa na mwili mmoja.

Hata hivyo nilingoja kidogo. Nilienda Misa za asubuhi, nikafundisha wakatekumeni wangu, wale wanaojiandaa kubatizwa, kama kawaida, na kila nilipovaa kitenge nilifunga fundo juu zaidi ili mkono usipite pale. Mimi ni mjane, nyumba yangu iko Kadutu, katika vile vichochoro ambamo ukifungua dirisha unasalimiana na chungu cha jirani. Nimefundisha katekesi tangu nikiwa mama kijana, na wengi wanaoniita mwalimu barabarani leo wana wajukuu. Mtoto niliye naye ni mmoja tu, binti, anayefundisha shule ya sekondari na kukaa nami. Ndiye niliyemwambia, jioni moja tukichagua maharage, kwa sababu ya lile neno la yaya. Hakupiga kelele. Alisukuma sinia pembeni, akaweka mkono wake mahali nilipomwonyesha, akautuliza hapo. Kesho yake tulikuwa kwa daktari wa kituo cha afya, naye baada ya kubonyeza sana alisema tu kwamba lazima nipite kwenye ekografi, ile mashine ya picha za ndani ya tumbo.

Kwangu ekografi ilikuwa jambo la wasichana wenye mimba. Sikujua kwamba mwanamke wa umri wangu anaweza kutumwa huko.

Hospitali yenye mashine hiyo ni ya Kanisa. Kuna msalaba juu ya kila mlango, na picha ya Mama Bikira Maria mahali pa kungojea. Siku ya kuchukua miadi, binti yangu alikuwa kwenye foleni ya dirishani, nami nikasimama kwenye mlango wa chumba cha ekografi. Watoto walikuwa wanalia, na nyuma ya ukuta kulikuwa na jenereta inayonguruma. Infirmiere, yaani muuguzi, alitokeza kichwa, amefunika mdomo kwa barakoa, akaniambia mbiombio: "Alhamisi asubui, maman. Utakuya à jeun, na vessie pleine. Ulisikia?"

Nikamjibu kwamba nimesikia.

Niseme kitu juu ya Kifaransa changu. Kiliingia kichwani mwangu kwa mlango wa kanisa. Masista walionilea walinifundisha neema, dhambi, toba na ufufuko katika lugha hiyo, na mpaka leo naweza kusoma nayo masomo ya Dominika bila kukwama. Lakini hakuna sista aliyenifundisha sehemu za ndani za mwili. Kwa hiyo nilisikia maneno niliyokuwa nayo. Nilisikia jeûne, yaani kufunga. Na baada yake nikasikia veillée pleine, yaani mkesha mzima.

Niliguswa. Nilimtazama yule infirmiere kama mtu wa imani kubwa. Nikawaza kwamba hata watu wa mashine wamekubali kuwa mashine peke yake haitoshi, na kwamba wanawaomba wagonjwa wao wafunge na kukesha kabla ya kuonwa ndani. Njiani binti yangu aliniuliza nimeambiwa nini. Nikamwambia nije nimefunga. Akasema ni sawa, ni kawaida. Habari ya mkesha sikumtajia, kwa kuwa nyumba yetu imezoea mikesha na yeye amezoea kulala katikati ya nyimbo.

Nilienda moja kwa moja kwa prezida wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya majirani tunaosali pamoja. Ni mama mwenye sauti pana, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na akisali hata mbwa wa jirani hunyamaza. Aliniuliza mara mbili kama kweli hospitali ndiyo iliyosema hivyo. Nikamhakikishia. Alifikiri kidogo, akasema hajawahi kulisikia, lakini dunia imekuwa ngumu, huenda hata madaktari wameanza kuogopa.

Katika shirika letu tunajua kufunga kwa namna mbili. Kuna kufunga kwa maji, ambako mtu anaruhusiwa kunywa, na kuna kufunga kavu, ambako hata tone halipiti kooni. Kwa jambo kama la kwangu hakuna aliyeuliza. Tulifunga kavu. Jumatano wakaja, wamejifunga vitambaa, tukasali zaburi, tukasali rozari zote, tukaimba mpaka jogoo wa mtaani wakaanza kutusaidia. Kila mama aliweka mkono wake begani mwangu. Nilimwona hata yule aliyegombana nami kwa ajili ya mfereji wa maji machafu.

Alhamisi nilifika hospitalini mdomo umekauka, kichwa kinazunguka, lakini roho imesimama. Daktari wa ekografi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alinipaka kitu baridi tumboni, akaanza kupitisha kile chombo chake, huku na huku, akabonyeza, akarudi. Kisha akasimama.

"Maman," akasema, "vessie iko wapi?"

Nilidhani ni karatasi niliyoisahau nyumbani. Nikamwambia labda binti yangu anayo.

"Hapana, maman. Vessie. Kibofu. Kifuko ya mikojo. Yako iko vide, tupu kabisa."

Infirmiere akasogea. "Lakini maman, nilikuambia vessie pleine."

"Tulifanya," nikamjibu. "Shirika yote. Tulikesha mpaka asubui."

Kisha infirmiere akayarudia yale maneno polepole, kwanza la kwake, halafu la kwangu, na nikaelewa: vessie pleine ni kibofu kilichojaa. Daktari aligeukia ukuta, nami nikaona mabega yake yakitetemeka. Sikumchukia. Kama jambo lisingekuwa langu, ningecheka pia. Alipogeuka tena alinieleza kwa heshima kwamba kufunga chakula kulikuwa sawa, lakini maji nilipaswa kunywa, mengi, na kuyazuia. Kibofu kikijaa husukuma matumbo pembeni, na kile chombo huona kupitia maji kama mtu anavyoona kupitia kioo cha dirisha. Kibofu kikiwa kitupu, dirisha limefungwa.

Nikamweleza habari ya yaya, nikamuuliza kama hakuona chochote.

Alifuta chombo chake kabla ya kunijibu. "Kuko kivuli," akasema. "Siwezi kukuambia kitu chenye sijaona muzuri. Urudi Alhamisi ingine."

Prezida wa shirika alipopata habari alikaa juu ya ndoo yake ya sambaza. "Kwa hiyo, mwalimu," akasema, "tulikeshea mikojo." Alicheka mpaka akalazimika kujifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, na mimi nikacheka naye, na wateja wakacheka bila kujua sababu. Baadaye alinishika mkono akaniambia kwamba sala haina anwani ya makosa, Mungu alijua tuliyekuwa tunamwombea. Nilipokea neno hilo kwa shukrani. Lakini nikipanda kuelekea nyumbani, kicheko kilibaki sokoni. Neno kivuli ndilo lililopanda pamoja nami.

Juma lile lilikuwa refu. Nikifundisha juu ya bonde la uvuli wa mauti, ulimi ulikuwa unateleza. Nikiosha vyombo nilimwona yaya katika maji. Sikuogopa kifo chenyewe, nimefundisha watu wengi jinsi ya kukingoja. Niliogopa njia yake, ile niliyoiona kwa yaya, tumbo linalokua na mtu anayepungua. Na niliogopa kumwacha binti yangu peke yake katika nyumba ile, maana hakuna ndugu wa kugawana naye kilio.

Safari hii binti yangu alikwenda mwenyewe kwa infirmiere, akauliza kila jambo kwa lugha zote. Nisile tangu jioni. Asubuhi ninywe chupa kubwa ya maji, ile ya litre na nusu, niimalize, kisha nisiende chooni mpaka daktari aniambie. Ilionekana rahisi. Lakini katika umri wangu maji hayaombi ruhusa. Jumanne nilijaribu nyumbani, nikanywa, nikakaa kwenye kiti na rozari. Sikufika hata katikati. Niliposimama niende chooni, nilishindwa mlangoni, mbele ya binti yangu, aliyegeuka haraka na kujifanya anafunga dirisha. Nilipomaliza kubadili nguo alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote nikalia. Nilimwambia sitaweza. Nilimwambia labda Mungu hataki nionwe. Aliketi karibu nami juu ya jiwe la kufulia.

"Maman," akasema, "usimuwekee Mungu maneno yenye iko yako."

Nimefundisha katekesi miaka yote hiyo, na hilo ndilo neno nililopaswa kumwambia mtu mwingine.

Alhamisi nilikunywa maji tukiwa tayari tumevaa. Nilikunywa nikiwa nimesimama, kama dawa, na kila nilipopumzika binti yangu aliinua chupa tena. Tukachukua taksi. Wanaojua njia ya kushuka kutoka Kadutu wanajua mashimo yake. Binti yangu alimwinamia dereva, akamwambia, na kwetu maji tunayaita mayi: "Tonton, enda polepole, tumebeba mayi."

Dereva akatazama nyuma. "Mayayi iko wapi? Usiyaweke chini, itapasuka."

"Si mayayi, tonton. Mayi. Iko ndani ya maman."

Dereva alinitazama kwenye kioo, akaelewa au hakuelewa, lakini aliendesha kama anayebeba mayai kweli. Kila shimo nililijua kabla halijafika. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, nikasali salamu Maria fupifupi, moja kwa kila shimo.

Kwenye benchi walikuwa wanawake wenye mimba, wamepanga matumbo yao kama vikapu vya sokoni. Wakajisogeza kunipa nafasi. Mmoja, kijana mnene mwenye uso wa furaha, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Maman Elizabeti," akasema, "na weye malaika alikupitia?"

Benchi lote likacheka, maana Elizabeti wa Injili alibeba mimba uzeeni. Nikamwambia malaika alipita kweli, lakini sijui bado alileta habari gani. Wakanyamaza kidogo. Alishusha macho, akaniomba msamaha kwa sauti ya chini, nikampapasa goti. Ningependa watanie zaidi. Kimya ndicho kilichonitisha.

Walikuwa wamebaki wachache mbele yangu wakati taa ya korido ilipozimika. Courant, yaani umeme, ilikuwa imekatika. Tulingoja tusikie jenereta ikinguruma, haikunguruma. Infirmiere akatoka, akasema mafuta yamekwisha, mtu ametumwa kuyaleta, tuvumilie kidogo. Aliponiona aliinama sikioni mwangu: "Maman, ulikunywa?" Nikaitika kwa kichwa tu, sikuthubutu kufungua mdomo.

Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba maji yalikuwa yamekuwa kama mtoto anayetaka kuzaliwa. Nilikaza magoti. Nilihesabu mafumbo ya uchungu kwenye rozari, yale ya bustanini, ambako Bwana wetu aliomba kikombe kimwondokee. Choo kilikuwa mwisho wa korido, niliuona mlango wake, umepakwa rangi ya kijani. Binti yangu aliuona pia. Akaniuliza polepole kama tuende, halafu tutapanga siku nyingine.

Hapo ndipo nilipojifahamu. Niliona kwamba si maji tu yaliyotaka kwenda. Mimi mwenyewe nilitaka kwenda. Ule mlango wa kijani ulikuwa juma jingine la kutojua, na baada yake lingekuja jingine, na ningekuwa na sababu nzuri ambayo hakuna mtu angenilaumu kwayo: mama mzee, kibofu dhaifu. Hivyo ndivyo yaya alivyongoja. Hakuna siku aliyosema hataki kutibiwa. Kila siku kulikuwa na sababu.

"Hatuende," nikamwambia binti yangu.

Jenereta ilinguruma jasho likiwa limeshuka mpaka shingoni mwangu. Infirmiere alifungua mlango, akaita jina la yule kijana mnene, maana zamu ilikuwa yake. Alisimama, akashika tumbo lake, kisha akanitazama na kukaa tena.

"Elizabeti apite," akasema. "Akibaki hapa, itakuwa gharika."

Hakuna aliyebisha. Nilitembea mpaka mlangoni kama mtu aliyebeba beseni lililojaa mpaka ukingoni.

Daktari alinikumbuka. Hakutaja mkesha. Aliniuliza tu kama dirisha leo liko wazi, nikasema limefunguka kupita kiasi. Akapaka ile baridi, akaweka chombo, akabonyeza. Nilidhani nitakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa jambo lingine. Kwenye kioo cha mashine niliona rangi ya majivu inayotembea, na katikati yake ziwa jeusi tulivu. Akasema hilo ndilo kibofu. Halafu hakusema tena.

Nimekaa karibu na wagonjwa wengi. Najua kimya cha mtu anayetafuta na kimya cha mtu aliyepata. Hiki kilikuwa cha aliyepata. Chombo kilisimama upande wa kushoto, pale pale. Alibonyeza vitufe, akapima, akapima tena kwa upande mwingine. Niliacha kutazama mashine, nikatazama uso wake, na miwani yake ilikuwa inaonyesha tu yale majivu. Nikasema moyoni: Bwana, kama ni kile cha yaya, nipe niseme asante hata hivyo. Na nikaongeza, kwa sababu sikutaka kumdanganya: lakini nisaidie kwanza nisisikie kikitajwa.

"Maman," daktari akauliza bila kugeuka, "ulizaa batoto ngapi?"

Nikamjibu kwamba niliye naye ni mmoja. Na kwamba kabla yake watatu waliondoka mapema, wakati wa mimba, na baada yake hakuja mwingine.

Alitikisa kichwa polepole. Akageuza mashine kunielekea, akanionyesha duara lenye ukingo mweupe sana, kama ganda la yai.

"Hii kitu iko hapa tangu zamani," akasema. "Ni myome, nyama yenye ilijiota ndani ya kizazi ukiwa kijana. Ile nyeupe ni sababu imekauka, imekuwa kama jiwe. Ilizeeka pamoja na weye. Haiko ile ya dada yako yenye ulisema. Ulikonda, njo maana mukono wako uliigusa."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Akasema nitarudi baada ya miezi kadhaa atazame kama haijabadilika, lakini yeye haogopi, na mimi nisiogope. Nikamuuliza, kwa kuwa nisingeuliza pale nisingeuliza tena, kama ndicho kilichowafukuza wale watatu. Alivua miwani yake. Alisema leo hakuna anayeweza kulithibitisha, lakini inawezekana. Mara nyingi kinakaa mahali ambapo mtoto angeshika.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maelezo yake juu ya wale watatu, na majirani walikuwa na yao, na mengine nilijipa mwenyewe magotini. Yote hayo niliyabeba bila kujua kwamba jibu, au kipande cha jibu, nilikuwa nimelibeba pia.

"Sasa unaweza kwenda, maman," daktari akasema. "Enda mbio."

Sitaeleza ule mlango wa kijani. Nitasema tu kwamba nimesali sala nyingi za shukrani, lakini ile niliyosali mle ndani haikuwa na neno hata moja.

Binti yangu alikuwa amesimama ukutani, mikono imeshikana. Nilimwambia yote hapohapo: si kile cha yaya, ni jiwe la zamani, lilikuwepo hata wakati wa mimba yake. Alifunika uso. Alipofunua, macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Kumbe mule ndani tulikuwa babili," akasema.

"Mulikuwa babili, weye na ile jiwe," nikamwambia. "Na weye ulipata nafasi."

Tulipopita benchi nilimwambia yule kijana mnene kwamba malaika alileta habari njema. Akapiga makofi mara moja, akaingia kwa zamu yake.

Jioni mama wa shirika walijaa ndani kwangu. Binti yangu alipika bugali na sambaza, na prezida ndiye aliyezileta, hakukubali kusikia lingine. Kabla ya kula alisimama ili atangaze siku ya kumshukuru Mungu pamoja. Akafungua mdomo, akaufunga, akanigeukia.

"Mwalimu, tuambie muzuri safari hii," akasema. "Ni veillée ama ni vessie?"

Nikasema ni veillée. Na maji yaruhusiwe.